Tangi la samaki juu ya kaunta ya jikoni: litakaa salama?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi nyumba ya kupanga Kyaliwajjala, nje kidogo ya Kampala. Kaka yangu amehamia Arua na kuniachia tangi lake la samaki la kioo, urefu sentimita 60, upana 30, kimo 36. Sebule yetu ni ndogo na mtoto wa miaka mitatu anakimbia humo kutwa, kwa hiyo nafasi niliyo nayo ni jikoni tu. Kaunta yetu imekaa kama herufi L. Upande mrefu ni zege lenye taili, una sinki na jiko la gesi la plati mbili. Upande mfupi, karibu na mlango, ni kabati la mwenye nyumba lililofunikwa ubao uliopakwa kufanana na mawe. Huo upande mfupi hauna kitu. Tangi likikaa pale litakuwa salama? Na mwanangu mkubwa anauliza kama tunaweza kufuga nkejje, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria.

Jibu: Marahaba, dada yangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kujaza maji, maana tangi tupu hubebwa na mtu mmoja, lakini likishajaa halihamishwi tena. Jibu langu fupi ni hili: kabati likiwa kama lilivyo leo, usiliweke pale. Ukimwita seremala kwa kazi ya nusu siku, pale pale patakuwa pazuri kuliko pengine pote jikoni mwako. Shida ya jiko lako nimeikuta katika nyumba nyingi nilikofunga matangi: palipo imara pana hatari kwa samaki, na panapowafaa samaki hapana nguvu ya kuwabeba.

Tuanze na uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi lako, ukiacha sentimita tatu za juu bila maji, linaingia lita 59. Kioo chenyewe, kama ni cha milimita 6, kina kilo 12 hivi. Changarawe ya kimo cha sentimita 5 ni kama kilo 14, ingawa nayo inachukua nafasi ya lita tano za maji. Jumla unafika kwenye kilo 80. Linganisha na mfuko wa saruji wa kilo 50, kisha ongeza zaidi ya nusu ya mfuko mwingine. Ni sawa na mwanamume mzima aliyekaa juu ya kaunta yako na asiyeshuka usiku wala mchana, mwaka mzima.

Hilo la kutoshuka ndilo watu wanalolisahau. Kabati la chipubodi linaweza kumbeba mtu kwa dakika tano bila kutoa hata mlio. Lakini chipubodi ni chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na chini ya mzigo usioondoka hupinda polepole, siku kwa siku, bila wewe kuona. Ikilowa huvimba kama mkate kwenye chai, na ikishavimba hairudi.

Nimejifunza hili kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita nilimfungia mteja tangi linalokaribia ukubwa wa lako juu ya kabati la namna hiyo. Nilipima usawa, ukawa sawa, nikaondoka nikiwa na amani. Baada ya miezi minne akanipigia simu kwamba mlango wa kabati umeanza kukwaruza fremu. Nikamwambia nitakuja Jumamosi. Alhamisi usiku kioo cha chini kikapasuka kutoka kona hadi katikati. Nilipofika asubuhi, maji yalikuwa yamepita kwenye droo zote na kuingia kwenye pipa la unga wa posho, na mteja wangu alikuwa amewaweka samaki watatu waliobaki kwenye sufuria. Ule mlango uliokwaruza ulikuwa ndio onyo, nami sikulichukua kwa uzito. Tangu siku ile mtu akiniambia mlango wa kabati lenye tangi unakwaruza, natoka siku hiyo hiyo.

Sasa utauliza, kwa nini basi tusiliweke kwenye upande wa zege? Slabu ya zege yenye nondo ndani, iliyolala juu ya vikuta vya matofali, haioni shida kubeba kilo 80, mradi tangi likae karibu na kikuta na lisipande juu ya tundu la sinki. Lakini tazama lingekuwa na majirani gani. Kushoto sinki, kulia jiko la gesi.

Unapokaanga, mvuke wa mafuta hupanda na kutua kwenye kila kitu kilicho karibu, ndiyo maana taili za nyuma ya jiko hunata. Mafuta hayo yakitua juu ya maji hufanya utando mwembamba, na samaki wanategemea ule uso wa maji kupata oksijeni na kutoa hewa chafu. Utawaona wanapanda juu, midomo wazi, wakihema. Ukitaka kujua kama tangi lina utando huo, laza karatasi nyeupe ya chooni juu ya maji, hesabu mpaka tatu, uinyanyue taratibu. Kama kuna mafuta, karatasi itatoka ikiteleza kwenye vidole. Njia hiyo hiyo ndiyo ya kuyaondoa, rudia mara mbili tatu mpaka karatasi itoke safi.

Upande wa sinki hatari ni sabuni. Unapoosha vyombo kwa kasi, matone huruka mbali kuliko unavyodhani, na sabuni ya vyombo huondoa ute unaolinda ngozi ya samaki na kuunguza matamvua yake. Dawa ya klorini ya kusafishia taili ni mbaya zaidi.

Kwa sababu hizo mbili nataka tangi liwe angalau mita moja kutoka kwenye jiko, na mita moja kutoka kwenye sinki. Upande wako mfupi, karibu na mlango, una umbali huo na hewa inapita. Kama siku umeme au gesi ikisumbua mnapikia sigiri, iwashwe nje, ipikiwe nje. Moshi wa mkaa hauwafai samaki, wala haukufai wewe na wanao ndani ya jiko lililofungwa.

Kuna jambo moja la hewa la kuogopa hata zaidi ya mafuta na sabuni, nalo ni dawa ya kupuliza ya mende na mbu. Dawa nyingi kati ya hizo zina viini vya jamii ya pairethroidi, kama permethrini na saipamethrini. Sumu yake kwa binadamu na kuku ni ndogo, ndiyo maana tunazipuliza ndani ya nyumba bila hofu. Kwa samaki ni kali mno, hata kwa kiasi kisichoonekana. Na pampu ya hewa inafanya kazi ya kuvuta hewa ya jikoni na kuisukuma ndani ya maji, kwa hiyo ukipuliza dawa huku pampu inanguruma, umewanywesha kwa mrija. Tangi likishaingia jikoni, makopo ya kupuliza yatoke jikoni. Mende watege kwa dawa ya jeli inayowekwa ndani ya bawaba na pembe za kabati. Mwambie na msichana wa kazi kama unaye, na mwenye nyumba pia, maana wengine huleta watu wa kupuliza nyumba nzima bila kumuuliza mpangaji.

Turudi kwa seremala. Kazi yenyewe ni kuutoa mzigo kwenye kabati na kuupeleka sakafuni. Akate mbao za inchi 2 kwa 4 na kuunda fremu mbili, kila moja nguzo mbili zilizosimama na boriti moja juu. Fremu moja ikae chini ya ukingo wa mbele wa tangi, nyingine chini ya ukingo wa nyuma, zote ndani ya kabati, zikigusa uso wa chini wa kaunta bila kuacha mwanya. Jambo ambalo lazima ulisimamie mwenyewe ni hili: nguzo zisikanyage sakafu ya kabati. Sakafu ya kabati nayo ni chipubodi, na chini yake mara nyingi ni uwazi. Zikatiwe matundu zipite, zikanyage sakafu ya nyumba. Kwa kuwa kabati ni la mwenye nyumba, mwombe ruhusa kwanza kwa ujumbe wa simu ili ubaki na maandishi.

Akimaliza, mwambie seremala apande akae pale juu. Simaanishi mzaha. Fundi anayeamini kazi yake atakaa. Kisha fanya jaribio refu zaidi: funga uzi ulionyooka kutoka mwisho mmoja wa kaunta hadi mwingine, upite chini ya ukingo wake, upige na picha. Panga jerikeni tatu za lita 20 zilizojaa maji kwa mstari mahali pa tangi, zaidi ya kilo 60 hizo, uziache siku mbili. Kaunta ikishuka chini ya uzi, au mlango wa kabati ukianza kugusa fremu, seremala arudi.

Usawa ni habari nyingine ambayo jikoni ina ujanja wake. Mafundi wengi huinamisha kaunta makusudi kuelekea sinki ili maji yajiendee yenyewe. Kwa vyombo ni vizuri, kwa tangi sivyo, maana maji yanasimama sawa hata kama tangi limeinama, na upande wa chini unabeba shinikizo zaidi. Azima pima maji, kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa, uipime kaunta kwa urefu na kwa upana. Tofauti ya milimita mbili au tatu katika sentimita 60 inavumilika. Ikizidi, weka juu ya kaunta kipande cha plaiwudi ya milimita 18, kikubwa kidogo kuliko tangi, na uzibe mwanya chini ya plaiwudi hiyo. Usiweke kamwe kabari chini ya pembe ya tangi lenyewe.

Halafu futa. Futa kabisa, kwa kitambaa kikavu, halafu pitisha kiganja. Kioo ni kigumu kikibanwa sawasawa lakini hakivumilii kupindwa, na punje moja ya mchele iliyobaki chini yake inageuka kuwa ncha inayosukuma kilo zote hizo mahali pamoja. Jikoni punje za mchele haziishi. Kama tangi lako halina fremu ya plastiki chini, yaani kioo kinakaa wazi, tandika sponji ngumu ya milimita 10 kati yake na plaiwudi. Lenye fremu ya plastiki halihitaji sponji, fremu ndiyo inayolibeba.

Umeme sasa, na hapa nakuomba uniamini bila kupunguza hata neno moja. Umeme wetu ni wa volti 240, na maji ya tangi yana chumvi za kutosha kuupitisha. Soketi za jikoni huwa zimewekwa kiganja kimoja juu ya kaunta. Tangi lako lina kimo cha sentimita 36. Maana yake ukilisukuma mbele ya soketi, soketi inakuwa chini ya usawa wa maji, na maji yakivuja au yakirukia ukutani yanaifuata. Liweke tangi kando, angalau nusu mita kutoka kwenye soketi. Waya wa pampu na wa taa ushuke kwanza mpaka ulale chini kuliko soketi, halafu ndio upande kwenye plagi, ili tone linalotembea juu ya waya lidondokee pale chini badala ya kuingia ndani. Usichomeke vifaa vya tangi kwenye ekstensheni moja na birika la umeme, maana birika peke yake hula zaidi ya wati 2,000 na ekstensheni ya bei rahisi hupata moto.

Muulize pia fundi umeme kama nyumba ina swichi inayokata umeme unaovuja, wao huiita RCD, ya miliampia 30. Inapima umeme unaokwenda na unaorudi, na ikiona sehemu imepotelea mahali pengine, kama mwilini mwa mtu, inakata papo hapo. Fyuzi ya kawaida haifanyi hivyo. Kama haipo, hiyo ndiyo pesa ya kwanza ya kutumia, kabla ya taa nzuri na mapambo. Na kila unapotaka kuingiza mkono majini, chomoa plagi zote kwanza. Mtoto wako wa miaka mitatu akiona waya unaning'inia atauvuta, kwa hiyo zibane ukutani kwa vibanio, na droo za kabati hilo zifungwe ili zisiwe ngazi ya kupandia.

Hita, kifaa cha kupasha maji joto, si lazima kwako. Kampala joto la mchana hufika nyuzi 27 hivi, usiku hushuka hadi 17 au 18, na maji mengi kiasi hicho hayabadiliki haraka kama hewa. Samaki kama gapi na plati wanaishi vizuri humo. Ungekuwa Kabale, kwenye baridi ya milimani, ningesema mengine.

Kuhusu kukatika umeme, au Yaka (umeme wa kulipia kabla) kuisha usiku wa manane, kuna kosa moja dogo linaloweza kumwaga maji jikoni mwako mkiwa mmelala. Pampu ya hewa ikizimika ikiwa chini ya usawa wa maji, maji hurudi kwenye mrija, yakapita ndani ya pampu na kutoka nje. Iweke juu kuliko tangi, au nunua ile vali ndogo ya kuzuia maji kurudi, uiunge katikati ya mrija. Samaki wenyewe, wakiwa wachache, huvumilia saa kadhaa bila pampu. Ukiona wanapanda kuhema, chota maji kwa jagi na kuyamimina taratibu kutoka juu, mara kumi ishirini.

Usisahau kwamba hapo pia ndipo mnapopikia chakula. Maji ya tangi yanaweza kuwa na vimelea kama salmonela, na kuna bakteria wengine wanaoingia kwenye mikwaruzo ya mikono na kuacha vidonda visivyopona upesi. Kwa hiyo filta na changarawe visioshwe kwenye sinki la vyombo. Nunua ndoo, sponji na mpira wa maji vya tangi peke yake, viandike kwa rangi. Maji machafu mwagia mgomba au mboga, yataifaa sana. Ukiwa na kidonda mkononi, mwachie mwingine. Ukimaliza nawa kwa sabuni, na kabla ya kuanza nawa kwa maji matupu, suuza vizuri, ili sabuni uliyooshea sahani isiingie kwa samaki.

Tangi ni la mtu mwingine na limesafiri, kwa hiyo kabla halijapanda juu ya kabati lijaribu barazani. Laza kipande cha plaiwudi mahali tambarare, tandika magazeti makavu, weka tangi, jaza, liache siku mbili. Gazeti likilowa kwenye pembe, silikoni, ile gundi inayoshika vioo, imechoka na inabidi ikwanguliwe na kupakwa upya, tena ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo huua samaki. Ukihamia jikoni, jaza theluthi kwanza, pima usawa, subiri saa moja, endelea. Maji ya bomba ya shirika la taifa yana klorini. Yaache kwenye mabeseni wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Halafu tangi liendeshe bila samaki, au na samaki wawili tu, kwa wiki nne hadi sita, bakteria wa kusafisha uchafu wa samaki wapate kuzaana kwenye filta. Haraka ya wiki hizo ndiyo inayowafanya watu wengi waseme samaki hawafugiki. Baada ya hapo samaki wanane hadi kumi wadogo wanatosha.

Mwanao mkubwa amenifurahisha kwa swali lake. Watoto wengi wa hapa wanaijua nkejje ikiwa imekaushwa, ya kijivu, kwenye uji au mchuzi, na hawajui kwamba madume wakiwa hai ziwani wana rangi za buluu na nyekundu za kupendeza, na kwamba majike wengi hubeba mayai na vifaranga mdomoni. Zamani zilikuwa za aina mamia katika Ziwa Victoria. Sangara, yaani mputa, aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 nyingi zilikuwa zimetoweka. Lakini kwa tangi la sentimita 60 mwambie asubiri. Dume mmoja wa nkejje huitawala sehemu yote ya chini na kuwafukuza wenzake mpaka wafe kwa uchovu, na wa kutoka mwaloni huja na magonjwa ya kwao. Aanze na gapi, ajifunze kusoma samaki mwenye afya na asiye nayo. Akiweza kuwatunza mwaka mzima, tutazungumza habari ya tangi la mita moja na nusu. Na gapi wakizaana kupita kiasi, wagawie majirani, wasimwagwe kwenye mtaro wala ziwani.

Seremala akishasimamisha zile fremu, fungua milango ya kabati, piga picha ya nguzo zinapokanyaga sakafu na ya boriti zinapogusa kaunta, unitumie kabla hujamwaga hata ndoo moja.